Kwenye PCR, tyubu ya maji matupu ndo inayoamua

Watu wakisikia idara ya baiolojia ya molekyuli wanadhani tunashinda kwenye hadubini, kumbe muda mwingi wanafunzi wetu wanahamisha vimajimaji visivyo na rangi toka tyubu hii kwenda ile, mikrolita 2 hapa, 5 pale, yaani hata kwenye ncha ya pipeti unavitafuta kwa macho.

Chukua muhogo. Ugonjwa wa michirizi kahawia, unaoletwa na virusi, uliripotiwa 1936 hapahapa kwetu, Amani, Tanga, na ubaya wake mmea unaweza kuwa na majani mazuri tu, ukija kung'oa ndani mna madoa ya kahawia, muhogo haulike, na wakati huo mwenye shamba kashakata pingili kamgawia jirani, kirusi kimehama nazo. Inzi weupe nao wanasambaza. Jicho halitoshi, ndo maana tunapima kwa PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi mpaka kionekane.

Mwanafunzi anasaga jani (ndio, hilohilo la kisamvu), anatoa RNA maana vinasaba vya virusi hivi ni RNA, havina DNA, kuna enzaimu inaigeuza kuwa DNA, ndo PCR inaanza. Mashine inapanda nyuzijoto 95 kamba mbili za DNA ziachane, inashuka kwenye 55 hivi praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzia nakala) zishike, inapanda 72 nakala zijengwe. Kila mzunguko nakala zinakuwa mara mbili, mizunguko 30 kipande kimoja kinapita bilioni, kwa hesabu za karatasini lakini. Enzaimu inayojenga nakala hizo asili yake ni bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, joto hilo haliisumbui.

Sasa hiyo bilioni ndo raha na ndo balaa. Chembe ya kazi ya jana ikiruka ikaingia kwenye tyubu ya leo unapata bendi, yaani alama ya DNA, safi kabisa kwenye jeli tunayosomea majibu, na ni uongo mtupu. Kwa hiyo kila mara tunaweka tyubu moja yenye kila kitu ila sampuli, badala yake maji. Ikitoa bendi, majibu yote ya siku hiyo hayafai. Wanafunzi wanalalamika tunapoteza riejenti (dawa za maabara), na kweli ni ghali, zinaagizwa nje, ila hapo sibembelezi mtu.

Upande wa pili kuna sampuli tunayojua ina kirusi, isipotoa bendi huwezi kusema shamba ni salama. Tunatafuta pia jeni ya muhogo wenyewe, isipoonekana jua RNA iliharibika njiani, vidole tu bila glavu vinatosha kuimaliza.

Swali ninalolipenda kwenye mtihani ni picha ya jeli ambayo sampuli zote zina bendi na maji nayo yana bendi. Wengi wanaandika mimea yote inaumwa, wanakosa maksi zote.

Na wewe afisa ugani ukiletewa majibu ya pingili za kugawa kijijini, omba picha ya jeli, uliza mstari wa maji ni upi.