Julai Si Msimu wa Theluji Kilimanjaro

Kila mwaka, ifikapo Mei, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: kundi la marafiki, mara nyingi wa Dar es Salaam au Nairobi, wameamua kupanda Kilimanjaro mwezi wa Julai kwa sababu, wanasema, ndipo baridi inapokuwa kali na theluji inapokuwa nyingi. Wiki hii nimeupokea tena, safari hii ukiwa na picha ya kijiji cha Uswisi kilichofunikwa na theluji hadi kwenye mapaa, pamoja na swali la kama makoti ya namna ile yanakodishwa Moshi. Makoti yanakodishwa. Theluji ya namna ile, kwa kawaida, mwezi wa Julai haipo, na kwa kuwa nimechoka kumjibu mtu mmoja mmoja, nitalieleza jambo hili hapa kwa urefu, kisha atakayeniuliza tena nitampa kiungo tu.

Katika nchi zilizo mbali na ikweta, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na kinachoamua kama itateremka ikiwa maji au theluji ni baridi. Baridi ikija, theluji inakuja. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa shuleni, na ndivyo sinema zinavyotuonyesha. Kilimanjaro, ulio nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, hufuata kanuni nyingine. Kileleni Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, wastani wa joto la mwaka mzima ni kama nyuzi 7 za Selsiasi chini ya sifuri, na tofauti kati ya mwezi wenye joto na mwezi wenye baridi ni ndogo kuliko tofauti kati ya mchana na alfajiri ya siku hiyo hiyo. Baridi ya kugandisha maji iko pale Januari, iko pale Julai, iko pale usiku wowote utakaouchagua. Kinachokuja na kuondoka ni unyevu. Kwa hiyo theluji ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, hufuata mvua: huanguka kwa wingi wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, hasa Novemba na Desemba. Mvua inapowalowesha watu wa Marangu na Machame, juu ya mita elfu tano ndiyo theluji yenyewe.

Najua kosa hili linalishwa na nini, na hapa ndipo ninapokosa subira, kwa sababu hata wenyeji wa Moshi, wanaouona mlima kila siku, wanalirudia. Wakati wa kipupwe mji wa Moshi hupoa kweli. Watu huvaa masweta, mawingu mazito hukaa siku nzima, manyunyu hupita, na mlima hauonekani. Mtu akitazama juu na kuliona pazia hilo la kijivu, anahitimisha kwamba nyuma yake dhoruba ya theluji inavuma. Ukweli ni kwamba mawingu hayo ya kipupwe mara nyingi ni tabaka jembamba lililolala juu ya msitu. Ukitembea kutoka lango la Machame ukiwa umejifunika koti la mvua, unaweza kutoboa tabaka hilo siku ya pili, ukajikuta chini ya anga la samawati huku jua likikuchoma masikio, na mawingu yote yamebaki chini ya miguu yako. Kileleni siku hiyo kuna upepo, kuna baridi kali ya usiku, na kuna vumbi. Vumbi jingi. Wagumu, kama wapagazi wetu wanavyojiita, hufunga vitambaa puani mwezi wa Julai na Agosti si kwa sababu ya baridi bali kwa sababu ya vumbi la volkano linalotimuliwa na mtu aliye mbele.

Historia nayo iko upande wangu. Johannes Rebmann, mmisionari ambaye taarifa yake ya kuona weupe juu ya Kilimanjaro ilidhihakiwa na wasomi wa Ulaya kwa miaka, aliuona weupe huo tarehe 11 Mei 1848. Mei, masika.

Sasa niwape haki yao wanaopinga, maana wapo wenye hoja. Milima ya Atlasi nchini Moroko ina majira halisi ya baridi: anayepanda Toubkal, mita 4,167, kati ya Desemba na Machi, hukuta theluji kwa sababu zile zile za Ulaya. Hata Mlima Kenya, uliokaa karibu kabisa na ikweta, una kitu kinachofanana na majira, ila kinagawanywa na pande za mlima badala ya miezi peke yake. Kati ya Juni na Septemba jua hupita kaskazini, kwa hiyo uso wa kaskazini wa Batian, kilele kirefu kuliko vyote cha mlima huo, hukauka na kupandwa kama mwamba mtupu, wakati uso wa kusini unakaa kivulini ukiwa na barafu. Ikifika Januari, mambo hugeuka. Wapanda miamba wa Mlima Kenya wanazijua tarehe hizo kwa moyo. Mtu akiniambia kwamba mwezi wa Julai upande wa kusini wa Kibo hutunza mabaki ya theluji kwa muda mrefu zaidi kuliko upande wa kaskazini, nitamkubalia bila ubishi. Lakini kutunza mabaki si kupata theluji mpya, na wanaoniandikia hawaulizi habari za mabaki.

Tena wanaofika Julai hupiga picha nzuri pembeni ya ukuta mweupe karibu na njia ya kileleni, kisha huniandikia kwamba nimewadanganya, theluji waliiona. Ule ukuta ni barafu ya zamani ya mlima, si theluji ya msimu. Mwaka 1912 barafu hiyo ilifunika takriban kilometa 12 za mraba. Kufikia mwaka 2007 zilibaki chini ya 2. Na uhusiano wake na theluji ni wa kuvutia kuliko picha. Barafu ya Kibo haipotei kwa kuyeyuka peke yake: katika hewa kavu na jua kali la juu, sehemu yake hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji, na ndiyo sababu kuta zake husimama wima, zenye kingo kali, hata hewa inapokuwa chini ya sifuri. Theluji mpya ikiangukia juu ya barafu huifunika kwa weupe unaorudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Mvua zikikosekana, barafu hubaki wazi, huchafuka kwa vumbi, na hunywa jua siku nzima. Anayeililia barafu ya Kilimanjaro, basi, aombe masika mazuri kabla ya kuomba baridi.

Madhara ya imani hii hayaishii kwenye picha. Yanaonekana zaidi kwa marafiki wanaopanda juma la tarehe 9 Desemba ili wawe kileleni Siku ya Uhuru, mahali ambapo Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na kuweka mwenge mwaka 1961. Hao husema: Desemba ni joto, Dar es Salaam tunatoka jasho, theluji itoke wapi? Wanakuja na raba, soksi za pamba na miwani ya urembo. Desemba ni vuli. Usiku wanapotoka kambi ya Barafu kwenda Stella Point, kwenye ukingo wa kreta, njia ambayo Agosti ni kokoto inaweza kuwa imefunikwa kabisa, na alama zote za njia zimezama.

Kutembea juu ya theluji ile, nikiri, ni raha kwa anayejua. Saa tisa usiku imeganda na inashika kiatu vizuri kuliko kokoto zinazokurudisha nyuma nusu hatua. Anayetangulia hupiga ncha ya kiatu mara mbili hadi kidato kitokee, na wanaofuata huweka mguu mle mle, si pembeni, hata kama kidato kinaonekana kidogo. Kila anayepita hukiimarisha. Asiyefuata vidato huzama hadi goti, soksi hulowa, na soksi iliyolowa kwenye urefu ule ni safari ya kurudi. Kuvaa soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana hakusaidii, kwa maana kiatu kinachobana huzuia damu, na damu ndiyo inayopasha vidole joto. Chupa ya maji ibebwe kichwa chini, kwa kuwa maji huanza kuganda juu. Mrija wa mfuko wa maji utaganda kabla hujafika nusu ya njia. Saa tatu asubuhi, wakati wa kushuka, theluji ile ile imelainika na inateleza, na hapo fimbo mbili zina thamani kuliko koti lolote.

Macho nitayasemea peke yake, kwa sababu Waafrika wenzangu wengi wanaamini kwamba sisi jua halituwezi. Theluji mpya huweza kurudisha kama asilimia 80 ya mionzi ya urujuanimno, na mionzi yenyewe huongezeka kadiri unavyopanda. Jua linakupiga kutoka juu na kutoka chini kwa pamoja. Hutahisi chochote kileleni. Jioni, kambini Mweka, utahisi mchanga machoni, machozi yatatiririka, na taa ya hema itakuwa adui. Kwa kawaida hupona baada ya siku moja au mbili, lakini kumshusha mtu asiyeweza kufungua macho kwenye ngazi za msitu wenye utelezi si kazi ninayoitamani.

Ugonjwa wa mwinuko nitaupita haraka: hausababishwi na theluji wala baridi, bali na shinikizo la hewa ambalo kileleni ni karibu nusu ya lile la pwani, na tiba yake ya uhakika ni kushuka. Kuhusu Diamox, dawa ya ugonjwa huo, muulizeni daktari kabla hamjaja.

Kuna mambo ambayo vitabu vya mafunzo huyaeleza kwa uhakika nisiokuwa nao. Utabiri wa hali ya hewa wa kilele ninausoma kila siku, lakini jioni huwa naamini zaidi mawingu yanavyokaa Mawenzi, kilele cha pili cha mlima, na sina namna ya kuthibitisha kwamba mawingu hayo yanasema kweli. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kidole kikiwa baridi, kinatoa tarakimu, na nisingependa kumrudisha mtu chini kwa sababu ya tarakimu hizo peke yake. Namtazama anavyotembea kwenye mstari ulionyooka. Hata misimu niliyoitaja haina mkataba: vuli ya 2019, maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipopata joto lisilo la kawaida, mvua zilizidi sana Afrika Mashariki, na kuna Julai ambapo theluji huanguka usiku mmoja na kumfanya mwandishi wa ujumbe wa Mei ajione mshindi.

Lililo gumu zaidi kwa kundi la marafiki wakati wa theluji ni kugawanyika. Kusimama kumsubiri mwenzenu dakika ishirini kwenye upepo, mkiwa mmelowa jasho, huwapoza wote, na anayesubiriwa huficha maumivu ya kichwa ili asiwaharibie wengine. Ndiyo maana kila kundi hutoka na waongozaji zaidi ya mmoja: anayeshindwa hushuka na mmoja wao, na wengine huendelea bila kikao. Makubaliano hayo nayataka kabla ya chakula cha jioni pale Barafu, kwa sababu saa kumi alfajiri, chini kidogo ya Stella Point, kila rafiki atasema yuko sawa.