Kasi ni moja, msawazo ni mwingine

Haya ni madai yanayosikika mara kwa mara kuhusu mmenyuko wa kikemikali, yaani vitu kugeuka kuwa vitu vingine, pamoja na majibu yake. "Mmenyuko ukifika kwenye msawazo, umekwisha." Haujaisha. Naitrojeni dioksaidi ni gesi ya kahawia. Ukiifungia kwenye chupa ya kioo, molekuli zake huungana mbilimbili na kuwa gesi isiyo na rangi, na hizo nazo huachana tena. Rangi ikitulia jicho hudhani kazi imesimama, kumbe kuungana na kuachana kunaendelea kwa kasi zinazolingana; huo ndio msawazo. Tumbukiza chupa kwenye maji ya barafu, rangi itafifia; ihamishie kwenye maji ya moto, itakolea.

Wala msawazo si nusu kwa nusu. Kinacholingana ni kasi za pande mbili, si kiasi kilichomo. Neno lenyewe ndilo linalopotosha watu hapa.

"Joto huongeza kasi kwa kuwa molekuli hugongana mara nyingi zaidi." Kweli, lakini kidogo mno. Kutoka nyuzi 25 za selsiasi hadi 35, migongano katika gesi iliyofungiwa huongezeka kwa chini ya asilimia 2, ilhali kasi ya mimenyuko mingi hukaribia kuwa maradufu. Mgongano hafifu hauvunji kitu. Nyuzi hizo 10 huzidisha sana molekuli zenye nishati ya kuvuka kizingiti, yaani kiwango cha chini cha nishati kinachohitajika ili mmenyuko utokee.

"Kichocheo huongeza mazao ya mmenyuko." Hapana. Kichocheo, kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kutumika, hushusha kizingiti cha kwenda na cha kurudi kwa pamoja, hivyo msawazo hufikiwa mapema, lakini ni uleule.

"Shinikizo likiongezeka, msawazo lazima usogee." Si kwa haidrojeni na iodini zikiwa gesi: molekuli mbili huingia, mbili hutoka, kwa hiyo shinikizo halina upande wa kupendelea.

Anayechanganya kasi na msawazo aitazame amonia, gesi ya naitrojeni na haidrojeni iliyoanza kutengenezwa kiwandani huko Oppau, Ujerumani, mwaka 1913 kwa njia ya Fritz Haber na Carl Bosch. Mmenyuko huu hutoa joto, kwa hiyo baridi ndiyo huupa upande wa amonia nafasi kubwa. Tatizo ni kwamba kwenye baridi naitrojeni na haidrojeni hukaa pamoja miaka bila kufanyiana lolote. Ukipasha, kasi hupanda, na fungu la amonia kwenye msawazo hupungua. Ndiyo maana viwanda hutumia kichocheo cha chuma, nyuzi 400 hadi 500, na shinikizo la mara 200 hivi ya lile la hewa ya kawaida. Hata hivyo sehemu kubwa ya gesi hutoka bila kugeuka. Amonia hupozwa ikawa kimiminika na kuondolewa, na gesi iliyobaki hurudishwa ndani kuanza upya.