Pompi ya esanse haina kosa mpaka ipimwe ikiwa kazini

Sentensi moja imenichosha: "Gari likikosa nguvu mlimani, kisha likipumzika linarudia uzima, hiyo ni pompi ya esanse, badilisha tu." Utaisikia garajini, utaisikia kwa madereva wa teksi, utaisikia kwa wauza vipande. Mwenye Carina au Corolla ya miaka ya 1990 analipa pompi, analipa mkono wa fundi, na wiki mbili baadaye gari linachoka tena kwenye mpando uleule.

Pompi hii inayosukuma esanse (petroli) kutoka kwenye tanki hufa, sikatai. Lakini waya uliooza ndani, krepini (chujio la ndani ya tanki) iliyoziba, tanki lisilopumua na bobini (koili inayotengeneza cheche za plagi) inayolegea kwa joto, zote hutoa dalili karibu zilezile. Na hii imani haifi kwa sababu pompi mpya mara nyingi huleta nafuu kweli. Fikiria fundi anafanya nini anapoibadilisha. Anachomoa fishi (kiungo cha nyaya) yenye kutu na kuirudisha, na meno yake yanajikwangua. Anatoa krepini chafu na kuweka safi. Anafungua tanki lililokuwa limevuta hewa, pengine anamwaga na maji yaliyotulia chini. Kazi nne zimefanyika, sifa zote zinakwenda kwa pompi. Kutu ikirudi kwenye fishi, ugonjwa nao unarudi, na sasa wanasema pompi ilikuwa feki.

Kabla ya kugusa esanse, tambua unaposema "nguvu" una maana gani. Kama motere (injini) inapanda mizunguko vizuri na gari haliendi, tatizo ni ambreyaji (klachi) au boite (gia boksi), achana na motere. Kama gari linakuwa zito na rimu moja ina moto kuliko nyingine baada ya safari, breki imekamata. Mtu mmoja akanyage akselere mpaka chini, motere ikiwa imezimwa, wewe uangalie kipepeo cha kuingizia hewa kama kinafunguka chote. Kebo iliyolegea au zulia nene chini ya pedali huiba nguvu.

Kisha uangalie mshale wa mizunguko pale tatizo linapotokea. Gari likiwa ndani ya vitesi (gia) na magurudumu bado yanaizungusha motere, mshale ukianguka ghafla hadi sifuri, kompyuta au bobini imepoteza ishara: tafuta upande wa moto wa plagi, sensa ya mzunguko, rele kuu (swichi inayoendeshwa kwa umeme), au kontakti yenyewe (swichi ya ufunguo). Mshale ukishuka taratibu pamoja na motere inayozama kama inayokosa pumzi, hapo elekea kwenye esanse au kwenye ekzosi. Motere ikikohoa na kuruka, inaweza kuwa chochote, na yeyote anayekupa jibu hapohapo anabahatisha.

Jambo la mwinuko nalo lisisahauliwe. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari, na mji wetu wa Bukavu unapanda kutoka hapo. Hewa yetu ina mgandamizo wa kama kilopaskali 85, wakati pwani ni 101. Motere isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake hapa, nayo ni nzima kabisa. Vitabu vingi vya gari vimeandikwa kwa vipimo vya pwani. Ukifunga kipimo cha vakyumu (mvuto wa hewa ndani ya motere) ukakuta inchi 14 za zebaki kwenye ralanti (motere ikizunguka bila kukanyagwa akselere), kitabu kitakuambia motere imechoka. Kwa mwinuko wetu punguza kama inchi 5 kwenye kile kilichoandikwa, kisha ndipo uhukumu. Na gari linalotoka Uvira, ambako Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi, likipanda mlima wa Ngomo kuja Bukavu litaishiwa polepole bila ugonjwa wowote. Ugonjwa ni pale linapoishiwa kwa kurukaruka, au leo linapanda kwa vitesi ya tatu na kesho mlima huohuo linaomba ya kwanza.

Sasa esanse. Manometri (kipimo cha presha) ni ya lazima. Toa fyuzi ya pompi, washa motere mpaka izime yenyewe ili presha ishuke, weka kitambaa, kizima-moto kiwe karibu, funga manometri kati ya filtre na reli ya injekta (bomba linalogawa esanse kwenye motere), kisha rudisha fyuzi. Kwenye Toyota nyingi za injini ya 4A au 5A, ukichomoa tiyo (bomba) dogo la vakyumu kwenye regileta (kidhibiti cha presha) utapata bar 2.7 hadi 3.1; ukilirudisha, kwenye ralanti, 2.1 hadi 2.6. Tiyo hilo likiwa na unyevu wa esanse ndani, regileta imepasuka na umeshapata jibu moja. Usihukumu presha gari likiwa limesimama garajini. Tumia tiyo refu lililotengenezwa kwa presha ya esanse, toa manometri nje ya kapoti, ikae mbele ya kioo, nje, kamwe isiingie ndani ya gari. Panda mlima, na msaidizi asome huku wewe unaendesha.

Presha ikibaki imara wakati nguvu zinapotea, acha kabisa habari ya pompi, krepini na filtre. Hapo umeokoa pesa zote hizo kwa safari moja. Presha ikishuka, swali linakuwa moja tu: je, pompi ilikuwa inapata umeme wake? Na hapa ndipo mafundi wengi wanaponikasirisha.

Fundi anachomoa fishi ya pompi chini ya kiti cha nyuma, anatia multimetri (kipimo cha umeme), anasoma volti 12.4, anasema "umeme upo, pompi imekufa." Kipimo hicho hakisemi lolote. Multimetri hainywi umeme, ni kama hakuna mkondo unaopita, na pasipo mkondo hakuna volti inayopotea, hata kama waya umebaki na uzi mmoja wa shaba. Ni kama tiyo la maji lililobanwa katikati: ukifunga mdomo wake kwa kidole, presha inasukuma vizuri, ukiachia, yanatoka matone. Pompi hunywa kama ampea 5. Fishi yenye kutu ikiwa na omu 0.5 tu, unapoteza volti 2.5. Batri ina 13.8, pompi inapata 11 na ushei. Inazunguka, inasikika, lakini haisukumi kiasi kinachotakiwa mlimani. Na omu 0.5 hiyo multimetri ya bei ndogo haiwezi kuipima sawasawa. Nyaya zake zenyewe zina kiasi hicho.

Kwa hiyo pima volti zinazopotea, pompi ikiwa inafanya kazi na fishi ikiwa imefungwa. Sindano nyekundu ya multimetri kwenye chanya ya batri, nyeusi ichome kutoka nyuma ya fishi, kwenye waya wa chanya wa pompi. Namba unayoiona ndiyo inayopotea njiani. Nusu volti ninaivumilia kwenye gari la zamani. Volti moja siivumilii. Kisha upande wa masi (umeme unaporudi batrini kupitia bodi): kutoka waya hasi wa pompi hadi hasi ya batri, isizidi 0.2. Huu upande wa pili ndio unaorukwa sana, na ndio unaooza zaidi, kwa kuwa boliti ya masi imekaa kwenye bati, penye matope na maji. Ukikuta volti 2 zinapotea upande wa chanya, gawanya njia: batri hadi kuingia kwenye rele, kuingia hadi kutoka kwenye rele, rele hadi fishi. Vipande vikijumlishwa lazima vilingane na jumla, na kipande chenye namba kubwa ndicho mgonjwa. Kwenye Honda za miaka ya 1990 anza na rele kuu iliyo chini ya dashibodi: soda (lehemu) zake hupasuka na huachia gari likipata joto.

Pima kukiwa na joto, baada ya dakika 20 za safari, taa na feni zikiwa zimewashwa, huku ukitikisa kila fishi na kila fungu la nyaya. Magari mengine, hasa yenye motere ya V6, yana rezista inayopunguza kasi ya pompi kwenye ralanti kwa makusudi. Hapo pima motere ikiwa na mzigo, la sivyo utalaumu waya mzima.

Pompi ikiwa haipo au haizunguki, balbu ya taa ya mbele ya wati 55 inakuwa mzigo mzuri: inakunywa kama ampea 4.6. Ifunge mahali pa pompi, tanki likiwa limefunikwa kabisa na balbu iwe mbali nalo, kwa sababu inapata moto sana. Kwa ugonjwa unaojificha, vuta nyaya mbili nyembamba kutoka kwenye fishi ya pompi hadi mbele, uweke fyuzi ya ampea 1 kwenye chanya, multimetri ikae mikononi mwa abiria. Presha ikianguka pamoja na volti, waya. Presha ikianguka volti zikiwa 13, sasa ndiyo unaweza kwenda kwenye tanki.

Hapo pia si pompi moja kwa moja. Gari likichoka, fungua kifuniko cha tanki: kikivuta hewa kwa nguvu na gari likapona, njia ya kupumulia imeziba. Gari linalochoka baada ya mpando mrefu na kupona baada ya dakika tano za kusimama, mara nyingi ni krepini: uchafu unavutwa juu yake, na ukizima unadondoka chini. Kama unanunua kwa wakadafi (wauza esanse) wa barabarani, chota esanse kutoka chini ya tanki, iache nusu saa ndani ya chupa inayoonyesha ndani. Maji yatakaa chini yakionekana. Baada ya yote haya, bana tiyo la mpira linalorudisha esanse kwa sekunde mbili tu, kwa kibano kisicho na meno. Presha inatakiwa kuruka kupita bar 4. Isiporuka, na krepini na filtre ni safi, sasa nunua pompi, nami nitakubaliana nawe.

Ukikuta waya, kata mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa. Kusokota na kufunga utepe ni kupanda ugonjwa uleule. Ukiweka waya mpya wa milimita mraba 2.5 kutoka batri, fyuzi ya ampea 15 ikae karibu na batri, na waya wa zamani ubaki kuamuru rele tu. Usiifunge pompi moja kwa moja kwenye kontakti: gari likipata ajali, motere inazima lakini pompi inaendelea kumwaga.

Ekzosi nayo, kwa ufupi: toa sonde (sensa) ya oksijeni ya mbele, funga manometri ya presha ndogo; kwenye mizunguko 2,500 ikizidi bar 0.2, katalizeri (kisafisha moshi ndani ya ekzosi) imeziba.

Kuna mahali vipimo vyangu vinafika mwisho. Kipande cha katalizeri kilichovunjika kinaweza kujigeuza ndani, kikaziba leo na kuachia kesho, na manometri ikasoma vizuri siku uliyoifunga. Bobini inaweza kupimwa omu zikawa sawa ikiwa baridi, sawa ikiwa moto, na bado ikakata kwa joto la mlimani. Hapo ninabadilisha kwa kukisia, lakini kwa kipande cha kuazima kutoka gari linalofanana, na ninamwambia mwenye gari kwamba ninakisia. Gari lisipotaka kuugua mbele yangu, ninaacha nyaya za multimetri mahali pake na kumpa dereva karatasi. Aandike: mpando gani, saa ngapi, tanki lilikuwa na kiasi gani, mvua ilikuwepo au la, mshale ulianguka au ulishuka, volti zilikuwa ngapi.