Kusomea Muziki wa Kanisa: Anza na Sikio, Kinanda Kitafuata

Vijana wa sharika za Arusha na Moshi wanaotaka kwenda chuo kusomea muziki wa kanisa huwa na swali moja la kwanza: ninunue kibodi gani? Jibu langu ni kwamba hela hiyo itunze kwanza. Nunua uma wa sauti, ule wa chuma wenye matawi mawili, na kitabu cha nyimbo chenye solfa, yaani do, re, mi zilizoandikwa kwa herufi d r m f s l t. Usharika unahitaji mtu anayesikia alto (sauti ya chini ya wanawake) ikishuka kabla waumini hawajaisikia, anayeweza kumfundisha mama asiyejua noti akaimba sauti ya pili bila kuyumba, na anayejua kwa nini wimbo fulani hauimbiki. Kazi hizo zote ni za sikio. Vidole navyo vitafunzwa, ila vinafuata nyuma ya sikio.

Huku kwetu nafasi ya kusoma ipo karibu. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, pale Usa River kando ya barabara kuu ya Arusha–Moshi, kina shahada ya muziki, na mizizi yake ni chuo cha theolojia cha Kilutheri kilichohamia hapo mwaka 1954. Howard Olson, mmisionari kutoka Marekani, alifundisha hapo miaka mingi huku akikusanya nyimbo za makabila yetu na kuzitia maneno ya ibada. Bernard Kyamanywa, mchungaji Mtanzania, naye aliandika wimbo wa Pasaka, Mfurahini Haleluya, mwaka 1966, na leo unaimbwa hata na makanisa ya Ulaya na Marekani. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaodhani kusomea muziki wa kanisa ni kwenda kujifunza mambo ya Wazungu tu. Kazi iliyoanzwa na watu hao bado haijaisha, na anayeingia chuoni leo anaingia katika kazi hiyo.

Tuanze na uma. Ukiugonga gotini na kuuweka karibu na sikio unatoa A ya mitetemo 440 kwa sekunde. Hiyo tu. Kila ufunguo, yaani noti itakayokuwa do ya wimbo, unautafuta mwenyewe kwa solfa, na hili ndilo zoezi ninalomtaka mwanafunzi alijue kabla hajaripoti chuoni. Do ikiwa F, ile A ni mi, kwa hiyo imba m r d na umefika. Do ikiwa G, A ni re, shuka hatua moja. Do ikiwa D, A ni so, imba s m d. Do ikiwa C, A ni la. Do ikiwa B fleti (B iliyoshushwa nusu toni, hatua ndogo kabisa ya kinanda), A ni ti, panda nusu toni tu. Ya E fleti ndiyo inayowasumbua wengi, kwa sababu A haimo kabisa kwenye ngazi hiyo. Panda nusu toni kutoka A upate so, kisha shuka s m d. A fleti ni rahisi kuliko inavyodhaniwa: shuka nusu toni na uko kwenye do.

Fanya hivyo kila siku dakika kumi, funguo tatu kwa siku, na uhakikishe jibu lako kwenye kinanda au programu ya simu baada ya kuimba, kamwe siyo kabla. Ukitafuta kwenye simu kwanza, sikio halijafanya kazi yoyote.

Solfa yenyewe ina sehemu mbili na wanafunzi wetu wengi wanaijua moja tu. Wanasoma d r m vizuri, lakini alama za mapigo wanazikisia. Mstari wima huonyesha pigo zito linaanza. Nukta mbili hutenganisha pigo na pigo. Nukta moja katikati ya pigo huligawa nusu, mkato huligawa robo, na kistari huendeleza sauti iliyotangulia. Mtu asiyejua hizi hujifunza wimbo kwa kumsikiliza mwenzake, na kosa la mwenzake linakuwa kosa la kwaya nzima kwa miaka. Mfumo huu uliboreshwa na kusambazwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19, akianzia kwenye kazi ya Sarah Glover, kwa ajili ya watu wa kawaida wasio na piano nyumbani. Ndiyo maana umetufaa sana. Chuoni utafundishwa pia noti za mistari mitano, nazo usizikwepe, maana nyimbo nyingi za vyombo haziandikwi kwa solfa. Ila ukirudi kwenye mtaa wako, kwaya itakusoma kwa d r m.

Sasa kuna jambo ambalo kwa maoni yangu linastahili muda mwingi kuliko linavyopewa, nalo ni maneno na mkazo wake. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: BWA-na, mwo-KO-zi, a-na-KU-ja, m-sa-la-BA-ni. Machache hukiuka, kama lazima, lakini kanuni ni hiyo. Nyimbo nyingi tulizopokea zilitungwa kwa Kijerumani au Kiingereza, lugha ambazo mstari unaweza kuishia kwenye silabi nzito. Sisi karibu kila neno letu linaishia kwenye silabi nyepesi. Matokeo yake unasikia kwaya ikivuta "mbinguNIII" kwa mapigo matatu, na wimbo unaoanza kwa pigo dhaifu unatoa "bwaNA".

Dawa zipo, na mwanafunzi anayezijua ana thamani kubwa kwa kanisa lake. Kwenye mwisho wa mstari, noti ndefu igawe: kama ina mapigo matatu, toa mawili kwa "-ngu-" na moja kwa "-ni". Kwenye mwanzo, wimbo ukianza na pigo dhaifu usiweke "Bwana" peke yake. Weka "Ee Bwana", ili "Ee" iende kwenye pigo dhaifu na "Bwa" iangukie pigo zito, au tumia "Mwokozi", ambalo lenyewe linaanza kwa silabi nyepesi. Halafu kagua beti zote, siyo ya kwanza tu. Andika silabi za kila ubeti chini ya solfa, pigia mstari silabi yenye mkazo katika kila neno, kisha angalia kama mistari hiyo inakaa chini ya mapigo mazito. Ubeti wa kwanza mara nyingi uko sawa kwa sababu mtunzi alianza nao. Wa tatu ndio unaoharibika.

Angalia pia herufi m na n zinazosimama peke yake kama silabi. Katika "wimbo mpya", neno la mwisho lina silabi mbili, m na pya, na mkazo uko kwenye m. Ndivyo ilivyo kwa "mtu" na "nchi". Mtunzi akiipa "mpya" noti moja, waimbaji watabana au watachomeka irabu na kuimba "mupya". Ipe m noti yake, kisha waelekeze waimbaji wafunge midomo na sauti iendelee kutoka puani kwenye noti hiyo mpaka "pya" ifike. Mazoezi ya dakika mbili yanatosha kulirekebisha, ila lazima mwalimu awe amelisikia.

Kuhusu urefu wa sauti: kwaya na waumini ni watu wawili tofauti. Soprano aliyefunzwa anafika A ya juu bila taabu. Waumini wa kawaida, wanaume kwa wanawake wakiimba tyuni moja, kila kundi katika oktavu yake (oktavu ni kutoka do hadi do inayofuata), wanastarehe kati ya A iliyo chini ya C ya kati, ile ya katikati ya kinanda, na D iliyo zaidi ya oktavu moja juu ya C hiyo, pengine E fleti ibada ikishapamba moto. Chukua wimbo unaotembea kutoka do hadi mi ya juu. Ukiuweka do ni F, ile mi inakuwa A, na nusu ya kanisa itanyamaza. Uweke do ni C, mi inakuwa E, unaimbika kwa shida kidogo. Uweke B fleti, mi inakuwa D, na kanisa zima linaimba. Hesabu hii inafanywa Ijumaa, siyo Jumapili mbele ya watu.

Harmonia ya sauti nne (soprano, alto, teno na besi) utaisoma kwa kina na utakutana na katazo la sauti mbili kutembea pamoja kwa umbali wa noti tano, kama do na so, au oktavu. Lishike vizuri unapoandika korali, yaani wimbo wa kanisa wa mtindo wa Kijerumani. Lakini usilibebe kama amri kumi. Wagogo huimba sauti zikitembea sambamba kwa mpangilio wao na ni muziki uliokamilika. Wamaasai wana olaranyani, kiongozi anayetoa wimbo huku wenzake wakishikilia mwitikio chini yake. Ukichukua wimbo wa namna hiyo ukaulazimisha kwenye sauti nne za Kijerumani, unaua kilichoufanya uishi. Andika kiongozi na kiitikio, acha nafasi ya kiongozi kubadilisha maneno, na usiweke kinanda juu yake.

Kinanda basi. Kosa ninalolikuta kila mwaka ni kupiga kila kitu kwa C kisha kubonyeza kitufe cha kuhamisha ufunguo. Kitufe hicho hakipo kwenye piano wala kwenye kinanda cha kukanyaga kwa miguu ambacho sharika za zamani bado wanacho. Na hata kwenye kibodi, mtu akisahau kukirudisha, wimbo unaofuata unaanza mahali ambapo hakuna aliyejiandaa. Jifunze F, G na B fleti kwanza, kisha E fleti na D. Kwa kila wimbo anza na mkono wa kushoto ukipiga besi peke yake, halafu soprano peke yake, halafu hizo mbili pamoja kwa mapigo 60 kwa dakika, ndipo uongeze alto na teno. Wanaoanza na sauti zote nne hujifunza kusimama kila baada ya mapigo mawili, na tabia hiyo huwa ngumu kuitoa.

Huku Kilimanjaro, ambako wamisionari wa Leipzig walifika mwaka 1893, utakutana pia na matarumbeta. Uliza mapema kikundi kinasoma kwa njia gani. Waliofundishwa kwa njia ya Kijerumani husoma tarumbeta ya B fleti kwa sauti halisi: C ya kati kitabuni hupigwa kwa vali (vitufe vya tarumbeta) ya kwanza na ya tatu, na inayosikika ni C kweli. Waliofundishwa kwa njia ya Kiingereza huipiga C hiyo bila kubonyeza vali, na inayosikika ni B fleti. Ukiwachanganya kwenye kitabu kimoja watapishana toni nzima, na kila mmoja ataapa kwamba yuko sahihi. Asubuhi za Juni na Julai kule Machame au Marangu, vyombo vikiwa baridi, sauti inashuka. Kuvuta bomba la kurekebisha nje kunaishusha zaidi, kulisukuma ndani kunaipandisha, lakini kwanza wapulizie hewa ya joto dakika tano hadi kumi bila kupiga noti, ndipo warekebishe. Na kumbuka kwamba matarumbeta yanapenda F, B fleti na E fleti, wakati wapiga gitaa wanapenda G, D na A. Wakiwa ibada moja, mwalimu ndiye anayeamua, na aamue kwa kuangalia koo za waumini.

Kwaya inayoimba bila chombo ikishuka, usiwaambie tu "pandisheni". Mara nyingi mi na ti zimeimbwa chini kidogo, hatua za kushuka zimekuwa kubwa mno, na noti zinazorudiwa zimelegea kila inaporudiwa. Simamisha, waimbishe mstari huo polepole kwa solfa bila maneno, na waambie kila noti inayorudiwa waifikirie kuwa ya juu kuliko iliyotangulia. Gonga uma mwanzoni na mwishoni mwa wimbo ili wasikie wenyewe wameshuka kiasi gani. Wakati wa kuunganisha sauti, unganisha kwanza soprano na besi, kisha alto, teno iwe ya mwisho. Na mwalimu asiimbe pamoja nao, kwa sababu akiimba hasikii.

Kabla ya kuondoka kwenda chuo, kaa na mchungaji na baraza la wazee mkubaliane kwa maandishi: usharika utachangia nini, utarudi kufanya kazi gani, kwa muda gani, na kwa posho ipi. Omba ruhusa ya kufundisha kwaya yako wakati wa likizo, wiki tatu au nne mfululizo, kwa wimbo mmoja wa Majilio au Kwaresima ulioupanga mwenyewe. Nakala ya wimbo huo, ikiwa na masahihisho uliyoyafanya baada ya kuwasikia wakiimba, ndiyo uende nayo kwa mwalimu wako chuo kitakapofunguliwa.