Darubini janja ya bunduki: ni kitu gani, na utaipimaje kabla ya kwenda nayo mawindoni

Darubini ya kawaida ya bunduki ya kuwindia ni bomba lenye lenzi na alama ya msalaba ndani yake. Inamkuza mnyama, inakuonyesha mtutu umeelekea wapi, basi. Umbali unaukadiria mwenyewe, anguko la risasi unalijua mwenyewe au hulijui kabisa, na upepo ni shauri lako. Darubini janja ni ile iliyotwishwa sehemu ya hesabu hizo. Ndani yake kuna kipima umbali cha leza, sensa za joto, za shinikizo la hewa na za mwinamo wa bunduki, pamoja na kompyuta ndogo inayochanganya vipimo hivyo na taarifa za risasi unayotumia. Unabonyeza kitufe, na nukta ya kulengea inawaka pale inapopaswa kuwa kwa umbali ule. Wengine hukigawa kifaa hiki mara mbili: kipima umbali unakishika mkononi, nacho kinatuma majibu kwenye darubini kwa Bluetooth. Mfumo wa BDX wa kampuni ya SIG Sauer ulianza hivyo.

Siku hizi wauzaji wanaita janja karibu kila kitu chenye betri, kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza ni hili: ukitoa betri, unaona nini?

Jibu linazigawa darubini hizi katika koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa kioo halisi. Mwanga wa mnyama unapita kwenye lenzi mpaka jichoni mwako, na elektroniki zinaongeza tu nukta na namba juu ya picha hiyo. Humo wamo Burris Eliminator na Swarovski dS, na pia XM157 ya Vortex, ambayo jeshi la nchi kavu la Marekani liliichagua mwaka 2022 kwa bunduki zake mpya. Betri ikifa, umebaki na darubini ya kawaida yenye alama yake ya msalaba, na uwindaji unaendelea. Ukoo wa pili ni wa kidijitali, kama ATN X-Sight. Hapo huangalii kupitia kioo hata kidogo. Mbele kuna kamera, nyuma kuna skrini, nawe unatazama video ya mnyama. Faida zake ni za kweli: inarekodi, inaona usiku kwa msaada wa taa ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), na inabadilisha alama za kulengea kama simu inavyobadilisha picha ya ukutani. Lakini betri ikiisha umeshika bomba jeusi.

Hesabu yenyewe si ya ajabu, ila inafaa kuijua ili usilipie uchawi. Risasi huanza kuanguka mara tu inapotoka mtutuni. Chukua risasi ya kawaida ya kuwindia, .308 Winchester, yenye kichwa cha greni 168 (gramu 11 hivi) kinachotoka kwa takriban mita 800 kwa sekunde. Inafika mita 300 baada ya sekunde 0.4 na ushee, na kufikia hapo imeshuka karibu sentimita 80 chini ya mstari wa mtutu. Kwenye mita 600 imeshuka mara kadhaa zaidi ya hapo, si mara mbili, kwa sababu kila mita inayoongezeka inakuta risasi imepungua mwendo na imekuwa hewani muda mrefu. Ndiyo maana umbali ni kila kitu. Ukidhani mnyama yuko mita 250 kumbe yuko 300, risasi itapita zaidi ya sentimita 10 chini ya pale ulipolenga. Moyo na mapafu ya swala wa wastani ni eneo lenye upana wa sentimita 20 hivi. Kosa hilo peke yake linatosha kukutoa kifuani na kukuacha na mnyama aliyevunjika mguu.

Mwinamo nao una hesabu yake. Ukipiga kuteremka au kupanda mlima kwa nyuzi 30, mita 300 za leza ni sawa na mita 260 tu za usawa, na kinachoamua anguko ni hizo 260. Mwindaji asiyejua hilo hupitisha risasi juu ya mgongo. Darubini janja hulifanya jambo hili bila kuuliza na bila kukosea, na kwa maoni yangu hiki ndicho kipengele chake kinachostahili sifa kuliko vyote.

Sasa upepo. Hapa ndipo matangazo huanza kusema nusu. Risasi ile ile ya .308, upepo wa pembeni wa mita 4 kwa sekunde, umbali mita 300: inasukumwa kando kiasi cha sentimita 20. Yaani umelenga katikati ya mapafu, umepiga pembeni au umekosa. Na darubini karibu zote zilizoko sokoni hazipimi upepo. Zina mahali pa kuandika kasi ya upepo, kisha zinakokotoa msukumo kwa kutumia namba uliyoiandika wewe. Ukikosea kukadiria, inakokotoa kosa lako kwa usahihi mkubwa. Kipima upepo cha mkononi kitakwambia upepo wa pale uliposimama, wakati kati yako na mnyama kuna bonde ambalo lina upepo wake. Kwa hiyo unaposoma kwamba kifaa fulani kinafanya hesabu zote, uliza ni nini kinapima chenyewe na ni nini kinasubiri ukiambie.

Ukishaelewa hivyo, kuipima kunakuwa jambo la kazi ya mikono.

Anza na leza, kwa sababu ikidanganya, kila kinachofuata kimeharibika. Usiipime kwenye ukuta mweupe. Ukuta hurudisha mwanga vizuri, na hata kifaa cha ovyo kitapata jibu sahihi. Ipime pale inapopata shida: kitu cheusi kisichong'aa, kilichosimama nyuma ya nyasi, asubuhi yenye ukungu mwembamba. Mwali wa leza si uzi. Unatanuka kadiri unavyokwenda, na wenye mtanuko wa miliradiani 2 (miliradiani moja ni pembe inayotanuka mita moja kwa kila mita 1,000) una upana wa sentimita 60 ukifika mita 300. Upana huo ni mkubwa kuliko kifua cha swala, kwa hiyo sehemu ya mwali inampiga mnyama, sehemu inapiga jani lililo mita 40 mbele yake, na nyingine kichuguu kilicho nyuma. Kifaa kinachagua jibu moja tu. Vilivyo vizuri vinakuruhusu kuchagua kati ya kitu cha kwanza na cha mwisho. Bonyeza mara tatu mahali pale pale na uone namba zinavyorukaruka. Ikisema 287, 288, 287, sawa. Ikisema 287, 241, 287, ile 241 ni nyasi, na siku ya mawindo hutakuwa na muda wa kubonyeza mara tatu. Angalia pia kama mwali unaelekea pale pale nukta inapoelekea. Lenga mti mwembamba uliosimama peke yake, sogeza kidogo kushoto na kulia, uone namba inapotea upande gani. Kuna darubini ambazo leza yake inatazama pembeni kidogo na mwenyewe hajui.

Kisha pima hesabu yenyewe dhidi ya karatasi. Ulinganishe darubini na bunduki kwenye mita 100 kwa subira, yaani urekebishe mpaka risasi ipige pale unapolenga, kwa risasi utakazowindia, si za bei nafuu za mazoezi. Mwendo wa risasi usiuchukue kwenye boksi. Ile namba imepimwa kwa mtutu wa kiwandani ambao huenda ni mrefu kuliko wako, na tofauti ya mita 20 au 30 kwa sekunde ni jambo la kawaida. Tumia kipima mwendo, hata cha kuazima. Baada ya hapo piga mita 200, 300, na mwisho wa umbali ambao kweli ungethubutu kumpiga mnyama. Piga kundi la risasi, si moja moja, kwa sababu bunduki yenyewe ina mtawanyiko wake: ile yenye uwezo wa dakika moja ya nyuzi (sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja) hutawanya karibu sentimita 9 kwenye mita 300, na risasi moja haitakuambia kosa ni la kompyuta au la mtutu. Kama makundi yote yanaanguka chini kadiri unavyosogea mbali, tatizo karibu kila mara ni mwendo ulioandikwa, na linatibika kwa kurekebisha namba. Kama kundi la mita 100 lenyewe limehama tangu jana, tatizo ni darubini kutohimili teke la bunduki. Hilo halina tiba ya programu.

Zile zenye kioo halisi na vitufe vya kuzungusha zina jaribio jingine la zamani. Chora mstari wima wa mita moja kwenye karatasi ndefu, hakikisha umenyooka kwa kutumia timazi, uweke kwenye mita 100. Lenga chini ya mstari, zungusha kitufe cha kupandisha kwa miliradiani 8, piga ukiwa bado umelenga pale pale chini. Miliradiani moja kwenye mita 100 ni sentimita 10, kwa hiyo tundu liwe sentimita 80 juu, na juu ya mstari, si kando yake. Likiwa kando, darubini imefungwa ikiwa imeinama, na kwenye umbali mrefu kuinama huko kunageuka kuwa kosa la kushoto au kulia.

Betri ipime kama utakavyoitumia. Saa zinazoandikwa kwenye boksi kwa kawaida ni za kifaa kilichowashwa na kuachwa. Washa kurekodi, washa Wi-Fi, washa taa ya infraredi, kisha hesabu. Baridi nayo huipunguzia betri ya lithiamu nguvu zake, na mawindo mengi huanza alfajiri. Pima pia sekunde za kuwaka tangu ubonyeze hadi picha itulie. Mnyama anayevuka njia hasubiri nembo ya kampuni ipite kwenye skrini.

Kwa darubini za kidijitali kuna mambo mawili zaidi, na yote yanahusu macho. Kukuza kwa kidijitali ni kukata picha na kuitanua, hakuongezi chochote ambacho sensa haikuona. Ukiambiwa inakuza mara 20, uliza lenzi yenyewe inakuza mara ngapi, na skrini ya ndani ina nukta ngapi, maana sensa ya 4K (yenye nukta milioni 8 hivi) inayoonyeshwa kwenye skrini ndogo isiyofikia hata nusu ya nukta hizo inabaki na ubora wa skrini. La pili ni kuchelewa kwa video. Kati ya tukio na picha kuna sehemu ndogo ya sekunde inayopotea. Ikiwa ni milisekunde 50 na mnyama anakimbia mita 10 kwa sekunde, pale unapomwona alishaondoka nusu mita. Kwa mnyama aliyesimama hilo halina uzito. Kwa anayekimbia, mimi nisingefyatua kabisa.

Usiku, jaribio la maana ni kutambua. Kuona doa la mnyama ni rahisi, kujua ni mnyama gani, dume au jike, na nyuma yake kuna nini, ni kazi nyingine. Muombe mtu akuwekee vitu vya maumbo tofauti kwenye umbali wa kawaida, bila wewe kujua ni vipi. Bunduki iwe nyumbani, darubini iwe mkononi, halafu sema unaona nini. Umbali ambao unaanza kubahatisha ndio mwisho wako wa usiku, hata kama leza inasoma hadi kilomita moja.

Kuna hatua ya mbele zaidi ya ujanja huu, ambapo kifaa kinashiriki hata katika kufyatua. Kampuni ya TrackingPoint ya Texas, iliyoanzishwa mwaka 2011, iliuza bunduki ambayo mpigaji anamwekea mnyama alama kwa kitufe, anavuta kifyatulio na kukishikilia, na risasi inatoka pale tu mtutu unapokuwa umelingana na alama. Mwaka 2015 watafiti wawili, Runa Sandvik na Michael Auger, walionyesha kwamba mtu angeweza kuingia humo kupitia Wi-Fi na kubadili namba za hesabu hadi risasi ipige shabaha ya jirani. Hawakuweza kuifanya ifyatue yenyewe bila mtu kuvuta kifyatulio, lakini somo lilibaki: namba zilizo ndani ya darubini zinaweza kubadilika bila wewe kugusa. Zima Wi-Fi ukiwa mawindoni. Na kila ukisasisha programu yake, rudi kwenye karatasi ya mita 100 na 300 kabla ya kuiamini tena, kwa kuwa mipangilio inaweza kurudi ilivyotoka kiwandani.

Sheria iangalie kabla ya kulipa. Katika jimbo la Idaho, Marekani, kwa mfano, huruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa kwa bunduki iliyofungiwa kifaa cha elektroniki, isipokuwa darubini ambayo alama yake ya kulengea inawaka kwa betri au kwa tritiamu (gesi ya mionzi inayoiwezesha alama kung'aa bila betri). Kwingine kinachokatazwa ni vifaa vya kuonea usiku, na kwingine leza tu. Kipima umbali kilichomo ndani ya bomba peke yake kinaweza kuifanya darubini nzima kuwa haramu.

Na kama mnyama wako wa mbali kabisa huwa mita 200, bunduki ile ile ya .308 iliyolinganishwa kwenye mita 180 haiachani na mstari wa macho kwa zaidi ya sentimita 5 hivi, juu au chini, njia yote hiyo. Hapo kompyuta haina cha kukokotoa. Unailipia na kuibeba, maana nyingi ya hizi ni nzito kuliko darubini ya kawaida, na bunduki iliyolemea juu huanza kuyumba mikononi pale unapolazimika kupiga ukiwa umesimama.