"Mwacheni mzee apumzike": tunayoyaamini kuhusu wazee waliodhoofu na mazoezi ya kwenye skrini

Kauli ya "mwacheni apumzike, ameshafanya kazi sana" inatoka kwenye upendo, najua, ila kwa mzee aliyedhoofu ndo inayomdidimiza. Msuli usiotumika unapungua na kwa mzee unapungua haraka, analala wiki mbili na homa, akitoka kitandani anashindwa kunyanyuka kwenye kiti, akishindwa anakaa zaidi, akikaa zaidi anadhoofu zaidi. Mwaka 1990 huko Boston, Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wazee wa kwenye nyumba ya kulelea, miaka 86 hadi 96, wakawapa mazoezi ya kusukuma uzito kwa miguu, uzito wa kweli sio wa kubembeleza. Baada ya wiki 8 wale 9 waliomaliza nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174 na wawili wakaacha bakora. Jamani, watu wa miaka 90!

Wengine wanasema tatizo ni chakula tu, mpe supu na maziwa atarudi. Chakula ni lazima, maharage, mayai, dagaa, asikose, lakini timu hiyohiyo mwaka 1994 walijaribu kwa wazee 100 wenye wastani wa miaka 87 na kinywaji cha lishe peke yake bila mazoezi hakikuwaongezea nguvu.

Sasa tuje kwenye mazoezi ya kwenye skrini, yaani gemu anazocheza mzee kwa kusogeza mwili, na hii kauli ya "gemu ni mambo ya watoto", hapa ndo watu wengi wanapotea. Wanadhani mzee anawekewa skrini ili asichoke kukaa. Hapana. Kutembea sio kazi ya miguu peke yake, ubongo unapanga kila hatua, na mwili ukishadhoofu ubongo unalazimika kusimamia kitu ambacho zamani kilikuwa kinakwenda chenyewe. Mwaka 1997 watafiti wa Umeå, Sweden, walitembea na wazee wa nyumba za kulelea huku wanapiga nao stori, wakaangalia nani anasimama ili aweze kujibu. Waliosimama walikuwa 12, na ndani ya miezi 6, watu 10 kati yao walianguka. Hebu mwangalie bibi yako akiwa anatembea umuulize kitu, utaelewa ninachosema.

Kwa hiyo mashine nzuri inafanyisha miguu na akili kazi kwa wakati mmoja. Mfano ni Senso ya kampuni ya Dividat ya Uswisi, mzee anasimama kwenye bamba linalohisi uzito wake, pembeni kuna vyuma vya kushika, mbele skrini, alama ikitokea kulia anakanyaga kulia, ikitokea nyuma anakanyaga nyuma, na saa ingine anatakiwa ajizuie asikanyage kabisa, ambayo ndo ngumu kuliko zote. Na kuna utafiti wa Marekani wa 2012, wazee wengine walipewa baiskeli ya kawaida ya ndani, wengine baiskeli yenye skrini ya njia za kupita na washindani, na baada ya miezi 3 wa kwenye skrini walikuwa wamepanda zaidi kwenye vipimo vya kupanga na kuamua japo jasho lilikuwa karibu lilelile.

"Mwenye demensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu) hawezi." Anaweza. Ubelgiji walifanya mazoezi ya bamba kama hilo na wazee wenye demensia wanaoishi kwenye nyumba za kulelea, dakika 15 mara 3 kwa wiki, wiki 8, wenzao wakawa wanaangalia video za muziki wanaoupenda. Wa kwenye bamba walitembea haraka zaidi, na dalili za sonona zikawa chini kuliko kwa wenzao. Dakika 15 tu!

Alafu kuna hizi app za kunoa akili mtu anacheza amekaa kwenye kochi, anaambiwa hatasahau tena. Usinunue ahadi hiyo. Mwaka 2016 Lumos Labs, wenye Lumosity, walikubali kulipa dola milioni 2 baada ya tume ya biashara ya Marekani kuwashtaki kwa kutangaza faida ambazo hawakuwa na ushahidi wa kutosha.

"Ataanguka akifanya mazoezi." Mapitio ya 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, yaliunganisha tafiti 108 za wazee wanaoishi majumbani, na mazoezi yalipunguza kuanguka kwa asilimia 23. Ila yale mawani ya VR, ya kuziba macho kabisa yakamwonyesha mtu skrini tu, sijui nani alifikiria kumvalisha mzee anayeyumba akiwa amesimama, yeye akae kwenye kiti imara.

Na hapana, huhitaji mashine ya mamilioni. Simu iegemezwe mezani, mjukuu wa mjini apige video, mzee asimame ameshika mgongo wa kiti kizito kilichoegemezwa ukutani, mtu mzima awe pembeni yake, anyanyue magoti huku anataja majina ya wajukuu kuanzia wa mwisho, au anahesabu kutoka 50 kurudi nyuma tatu tatu. Akizoea ongeza ugumu kidogo, kwa sababu zoezi lisilomtoa jasho wala kumfikirisha halimsogezi. WHO, Shirika la Afya Duniani, inasema mara 3 kwa wiki au zaidi kwa zoezi la nguvu na la kutoyumba. Kama ana maumivu ya kifua, anapata kizunguzungu akisimama, au ametoka kufanyiwa upasuaji, aanze kwa daktari au fiziotherapia kabla ya simu.