Sekunde 24 na msimu wa NBA wa 1954–55

Mimi ni mwamuzi wa meza wa mpira wa kikapu. Kazi yangu uwanjani ni kuendesha saa ya mashambulizi, ile inayowaka juu ya ubao na kuipa timu yenye mpira sekunde 24 za kutupa kikapuni, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni kwa nini sekunde 24, si 20 wala 30. Jibu fupi ni kwamba namba hiyo ilipatikana kwa kugawanya tu, kwa kalamu na karatasi. Jibu refu ni msimu mzima wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, ule wa 1954–55. Mashabiki wanaoujua wanaujua kwa sababu ya saa, na kwa maoni yangu wanajua nusu ya habari. Mwaka huohuo ligi ilipitisha kanuni nyingine, ya faulo, na bila hiyo saa isingefua dafu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Tarehe 22 Novemba 1950 Fort Wayne Pistons walikwenda Minneapolis kucheza na Lakers, timu ya George Mikan, senta wa futi 6 na inchi 10 ambaye enzi hizo hakuna aliyemweza chini ya kikapu. Pistons wakaona dawa ni kumnyima mpira. Mchezaji anasimama nao mbali na ringi, anampasia mwenzake, mwenzake anamrudishia, dakika zinakatika, mashabiki wanazomea. Hakukuwa na kanuni ya kuwazuia. Pistons walishinda 19–18. Robo ya mwisho timu zote mbili zilipata pointi 4 kwa jumla, na katika zile 18 za Lakers, Mikan peke yake alifunga 15. Mpaka leo hakuna mechi ya NBA iliyokuwa na pointi chache kuliko hiyo.

Hadithi hiyo inanoga kusimuliwa, ila ilikuwa kioja. Ubovu wa kila siku ulikuwa mwingine. Timu iliyokuwa ikiongoza kuelekea mwisho ilimkabidhi mpira fundi wake wa kudribo, naye akauchezea tu. Wapinzani hawakuwa na njia ya kuupata isipokuwa kumfanyia faulo kusudi. Na hapo ndipo penye hesabu: faulo ya kawaida iliadhibiwa kwa mtupo huru mmoja, yaani kutupa bila kuzuiwa kwa pointi 1, kwa hiyo ukimfanyia mtu faulo unahatarisha pointi 1, kisha unapata mpira wenye nafasi ya kukupa 2. Biashara nzuri. Wanaoongoza nao wakaijua biashara hiyo, wakawa wanalipiza kwa faulo. Mchezo ukageuka foleni ya kwenda kwenye mstari wa mitupo huru.

Ukitaka kuona hali ilivyofika, angalia mechi ya mtoano ya tarehe 21 Machi 1953 kati ya Boston Celtics na Syracuse Nationals. Ilikwenda hadi muda wa nyongeza mara 4, Boston wakashinda 111–105, na Bob Cousy wao akafunga pointi 50. Magazeti yanaipenda hiyo 50. Mimi naangalia kilicho ndani yake: mitupo huru 30 kati ya 32 aliyopewa. Maana yake ni kwamba katika mechi iliyozidi saa moja ya kucheza, shujaa wa siku alitia vikapu 10 tu mpira ukiwa unachezwa. Pointi nyingine zote alizifunga watu wamesimama wanamtazama.

Mmiliki wa hao Nationals alikuwa Danny Biasone, mzaliwa wa Italia aliyekuwa na ukumbi wa bouling mjini Syracuse. Yeye na meneja wake mkuu, Leo Ferris, ndio wanaotajwa kwa hesabu ya 24, na watu wa Syracuse bado wanabishana nani apewe sifa zaidi. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mechi ni dakika 48, yaani sekunde 2,880. Biasone aliona kwamba katika mechi zilizomfurahisha, zile ambazo hakuna aliyekalia mpira, kila timu ilitupa kikapuni kama mara 60. Mbili pamoja, mitupo 120. Gawanya 2,880 kwa 120. Hakuna aliyepima pumzi za wachezaji wala ukubwa wa uwanja. Mtu alichukua mechi aliyoipenda akaigeuza kuwa kanuni, na ndiyo maana inakaa vizuri: haikumlazimisha mtu kukimbia kuliko alivyokimbia tayari katika mechi nzuri. FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, walichagua sekunde 30 mwaka 1956, wakakaa nazo zaidi ya miaka 40, kisha mwaka 2000 wakahamia 24 vilevile.

Nikiwa mezani naona jinsi sekunde hizo zinavyotumika. Mpira ukivuka katikati, saa inasoma 18 au 19. Timu yenye mpango inamalizia mchezo wake wa kwanza saa ikiwa kwenye 12. Ukikwama, kuna nafasi ya kujaribu wa pili. Ni ikifika 5 ndipo benchi zima linaanza kuhesabu kwa sauti na mimi nakaza macho kwenye mkono wa mtupaji, kwa sababu kinachoangaliwa ni kama mpira umetoka mkononi kabla ya king'ora, kisha ukagusa ringi. Wachezaji wa 1954 hawakuwa na uzoefu huo. Dolph Schayes, nyota wa Nationals, alisimulia baadaye kwamba mwanzoni walikuwa wakitupa harakaharaka, pasi moja au mbili na mpira umekwenda, hadi walipogundua kwamba muda upo wa kutosha.

Sasa kanuni ya pili. Saa peke yake inamzuia anayeongoza asikalie mpira, lakini haimzuii mtu kufanya faulo. Biashara ya kutoa 1 upate 2 ingeendelea kama kawaida. Ndiyo maana ligi iliweka kikomo cha faulo 6 za timu kwa kila robo, na baada ya hapo kila faulo inaleta mtupo wa ziada. Biashara ikakosa faida. Saa ilifunga mlango mmoja, faulo ikafunga wa pili, na ninashangaa kila nikisoma historia inayotaja mmoja tu.

Mechi ya kwanza chini ya kanuni hizo ilikuwa tarehe 30 Oktoba 1954, Rochester Royals wakiwafunga Celtics 98–95. Wastani wa timu kwa mechi ulikuwa pointi 79.5 msimu uliotangulia. Msimu huu ukafika 93.1. Celtics wakawa timu ya kwanza kupata wastani unaozidi 100. Pesa haikufuata mara moja, lakini. Baltimore Bullets walivunjika mwezi Novemba wakiwa wamecheza mechi 14, matokeo yao yakafutwa, zikabaki timu 8. Mikan naye alikuwa amestaafu kabla ya msimu kuanza, na Lakers, mabingwa mara 3 mfululizo, wakatolewa na Pistons.

Fainali ikawa Nationals na Pistons, wote wakiwa wameshinda mechi 43 na kupoteza 29. Mechi za nyumbani za Pistons zilichezewa Indianapolis kwa sababu ukumbi wao wa Fort Wayne ulikuwa umeshachukuliwa na mashindano ya bouling, jambo ambalo natumaini Biasone alilicheka. Kila timu ilishinda ilipokuwa mwenyeji, wakafika mechi ya saba Syracuse, tarehe 10 Aprili 1955.

Katika robo ya pili Pistons waliongoza kwa pointi 17. Timu ileile iliyoshinda 19–18 ingejua cha kufanya na pengo kama hilo miaka minne nyuma: shika mpira, subiri filimbi. Safari hii walilazimika kuendelea kutupa, na kila walipokosa Nationals walirudi na mpira. Zikiwa zimebaki sekunde 12, matokeo 91–91, George King wa Nationals akaweka mtupo huru mmoja. Pistons wakabaki na mpira na muda uliokuwa chini ya 24, kwa hiyo saa ya mashambulizi haikuwa na kazi tena. King akampokonya Andy Phillip wa Pistons mpira sekunde za mwishomwisho, ikaisha 92–91. Earl Lloyd na Jim Tucker wa Nationals wakawa wachezaji Weusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa NBA, na huo ndio ubingwa pekee ambao timu hiyo iliupata kabla ya kuhamia Philadelphia mwaka 1963 na kuitwa 76ers.